Tuliandikwa mume na mke ili tupate nyumba, sasa washenga wanakwenda kwetu

Shikamoo Anti,

Mimi ni msichana wa miaka 28, kwetu Marangu, nafanya kazi ya uhasibu kwenye hoteli moja hapa Arusha. Mwezi ujao watu wanakwenda nyumbani kwetu kupeleka barua ya posa, nami naishi nyumba moja na mwanaume ambaye si mume wangu, si mchumba wangu, na hajawahi kuwa.

Nieleze tulivyofika hapo. Nilipoanza kazi nilipanga chumba Ngarenaro, choo cha nje, wapangaji wengi uani. Mwisho wa mwezi tunapofunga hesabu nilikuwa natoka kazini saa nne usiku. Nilikabwa njiani, na baadaye wakavunja mlango wakabeba kila kitu mpaka mtungi wa gesi. Nikawa naogopa kulala. Ndipo kaka mmoja niliyesoma naye chuo Moshi, mtu wa Mbulu, dereva wa magari ya watalii, akaniambia naye anatafuta pa kuhamia. Yeye msimu wa wageni ukianza mwezi wa sita hakai mjini. Anakwenda Tarangire, Serengeti, Ngorongoro, anarudi baada ya siku sita saba, analala usiku mmoja, anaondoka tena. Chumba chake kilikuwa kinakaa tupu na wezi walishakijua. Tukaona tuunganishe kodi: yeye apate mtu wa kukaa ndani, mimi nipate nyumba yenye fensi na geti.

Tulipata Moshono, vyumba viwili vya kulala, sebule na jiko, laki tatu kwa mwezi, unalipa miezi sita kwa mkupuo. Laki tisa yangu, laki tisa yake. Siku ya kuandikishana, dalali akatuvuta pembeni akasema mama mwenye nyumba ni mtu mzima, mtu wa kanisa, hapangishi watu wasiooana, kwa hiyo tuseme sisi ni mume na mke. Tulikuwa tumeshakataliwa nyumba nyingine mbili kwa sababu hiyo hiyo. Tukakubali. Mkataba ukaandikwa Bwana na Bibi, kwa jina la ukoo wake.

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa Machi mwaka jana. Anti, kati yetu hakuna kitu. Kila mtu ana chumba chake na ufunguo wake. Hajawahi kunigusa wala kunitamkia neno. Nilipougua taifodi yeye ndiye aliyenipeleka hospitali usiku, mapokezi wakamwandika kwenye fomu kuwa mume, naye hakukanusha. Akirudi porini mimi ndiye namwekea chakula, na nguo zake za vumbi nazifua pamoja na zangu, maana anakuwa na saa chache tu kabla ya safari nyingine. Namchukulia kama kaka yangu wa kuzaliwa.

Ila mtaani mimi ni mke wa mtu. Vijana wa boda wananiita shemeji. Majirani wananiuliza mbona hatujaleta mtoto. Mjukuu wa mama mwenye nyumba alipooa tulipewa kadi ya dabo, ya mtu na mwenzi wake, tukachanga, tukakaa meza moja, tukapigwa picha. Jumuiya iliposali kwetu, mwenyekiti aliniuliza tulifunga ndoa parokia gani, nikababaika.

Mchumba wangu ni mwalimu Moshi. Tuna mwaka mmoja. Mwanzoni aliponiuliza nakaa na nani nilimjibu nakaa na binamu yangu, na sijarekebisha mpaka leo. Tunaonana Moshi au hapa mjini, Moshono hajafika. Washenga wanakwenda Marangu baada ya Krismasi, watu wote wakiwa nyumbani. Juzi amenitumia ujumbe kwamba anataka kuja kumsalimia binamu, amwombe awe upande wetu siku ya barua. Nilipomweleza mwenzangu alinyamaza kidogo, kisha akasema nisijali, atajifanya binamu. Na shangazi wa mchumba wangu anakaa Kijenge, anasali parokia moja na majirani zetu.

Rafiki yangu wa kazini ananiambia nihame kimya kimya niseme binamu amehamishiwa Dodoma. Lakini kodi tumelipa mpaka mwisho wa Februari, na mama mwenye nyumba harudishi hela. Mwingine amenitisha kwamba tumeshapitisha miezi sita pamoja, kwa hiyo kisheria mimi tayari nimeolewa. Ni kweli? Nifanyeje nisimpoteze mchumba wangu, na nisimdhalilishe mtu aliyenitendea wema?

Mpangaji wa Moshono

*

Marahaba mwanangu,

Nianze na hilo la miezi sita, maana limezagaa sana na linawatia watu hofu bure. Hakuna sheria hiyo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 160, inasema hivi kwa lugha ya kawaida: mwanamume na mwanamke wakithibitika kuwa wameishi pamoja miaka miwili au zaidi, katika mazingira yaliyowafanya wajulikane kwa watu kuwa ni mume na mke, basi itachukuliwa kuwa walioana. Na dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Kwa hiyo tulia. Miaka miwili yenu haijatimia, na hata ingetimia, muda peke yake hautoshi.

Lakini usitulie sana, kwa sababu kilicho kizito hapo ni lile la pili: kujulikana. Mahakama haiangalii tu nani alilala chumba gani. Inauliza mtaa uliwaonaje, mlijitambulisha vipi, mliandikwa vipi. Hebu sasa pitia barua yako mwenyewe kwa jicho la wakili. Kuna mkataba wa pango wenye Bwana na Bibi. Kuna fomu ya hospitali iliyoandikwa mume. Kuna kadi ya dabo na picha za harusi. Kuna jumuiya, kuna vijana wa boda, kuna majirani wanaosubiri mtoto. Hao wote wakiitwa watasema kweli kabisa ya moyo wao kwamba wewe ni mke wa yule dereva. Mwenye kusema vinginevyo ni wewe na yeye tu.

Utaniuliza, nani atakwenda mahakamani ilhali sisi wawili tunaelewana? Mwanangu, kazi ya mwenzako ni barabara. Mungu apishe mbali, lakini akipata ajali huko Karatu, ndugu zake watashuka kutoka Mbulu waje Moshono, na mama mwenye nyumba atawaonyesha mjane. Kama ana kiwanja, kama ana fedha benki, kuna ndugu watakaokuona wewe umejificha ili ule mirathi, na wengine watakaokutaka ukae matanga kama mke. Na ukiondoka wewe kwanza, baba yako atajikuta Marangu anabishana na mtu asiyemjua juu ya nani ana haki ya kuzika. Nimewahi kuletewa kesi za namna hiyo, na watu waliozileta hawakuwa wabaya. Walikuwa wamefiwa, na mbele yao kuna karatasi inayosema jambo moja na watu wanaosema jingine.

Kifungu hicho si adui yako. Kipo kwa ajili ya mwanamke aliyeishi na mtu miaka, akapika, akalea, akajenga naye, kisha siku ya kuachana akaambiwa hakuwa mke. Hata dhana ya ndoa ikivunjwa, sheria bado inamruhusu mwanamke huyo kuomba matunzo yake na ya watoto wake. Ni ulinzi mzuri sana, na ninausimamia. Wewe hukuuhitaji, umejikuta ndani yake kwa sababu ya neno moja la dalali.

Sasa nikuambie ninachoamini, na wasomaji watakaokasirika wakasirike. Msichana na mvulana kukaa nyumba moja, kila mtu na chumba chake, wakigawana kodi, si uhuni. Miaka ile mahakama ya kimataifa ya mauaji ya Rwanda ilipokuwa hapa Arusha, kuanzia 1995 mpaka ilipofungwa mwisho wa 2015, vijana wa kigeni walikuwa wanakodi nyumba kubwa za Njiro, wa kike kwa wa kiume, na wenye nyumba walipokea dola bila kuuliza cheti cha ndoa. Mtoto wetu wa Marangu, aliyekabwa Ngarenaro na kuvunjiwa mlango, akitafuta geti na mtu anayemwamini, tunamwambia hapana mpaka aseme ameolewa. Sioni haki hapo. Ninyi wenye nyumba mnaonisoma, mkikataa wapangaji wa kweli mnabaki na wapangaji waliojifunza kudanganya, na hamtajua nani yuko ndani ya fensi yenu. Muulize mtu kazi yake, mdhamini wake, umpigie simu aliyekuwa anampangisha. Hayo yatakuambia zaidi ya pete.

Kwa hiyo kuishi na kaka huyo sikulaumu hata kidogo. Linalokuumiza ni kwamba nyumba hiyo ina majina mawili ya uongo. Moshono yeye ni mume, Moshi yeye ni binamu. Na sasa majina hayo mawili yanataka kukutana sebuleni kwako, mchumba akija kusalimia.

Usimruhusu mwenzako ajifanye binamu. Nasema kwa nguvu zote. Wewe ni Mchaga, unajua tunavyoulizana. Binamu wa upande gani? Mtoto wa nani? Mmeshuka kwa babu yupi, kihamba chenu, shamba la ukoo, kiko wapi? Mchumba wako asipouliza, washenga watauliza, na mtu wa Mbulu atajibu nini mbele ya wazee wa Marangu? Tena fikiria huyo kijana mwalimu, ameomba kwa moyo safi kwamba binamu awe upande wenu, aje agundue baadaye kwamba alimpa mkono na kumwomba msaada mtu ambaye mtaa mzima unamwita mume wako. Uongo wa mwaka jana anaweza kuusamehe, maana ulikuwa wa woga na mlikuwa hamjafahamiana. Wa mwezi huu, uliopangwa na watu wawili dhidi yake, sijui kama mimi mwenyewe ningeusamehe.

Na hilo la kuhama usiku useme binamu amehamishiwa Dodoma, achana nalo. Mama mwenye nyumba atabaki akisema mke wa fulani kakimbia ndoa. Shangazi wa Kijenge atasikia hivyo hivyo.

Mwambie wewe. Wiki hii, kabla hajapanga siku ya kuja. Usimwandikie ujumbe na usimweleze kwenye simu. Panda gari uende Moshi Jumamosi, mtafute mahali pa kukaa ambapo hamkatizwi, na uliseme lote kwa mara moja, kuanzia kuvunjiwa mlango mpaka kadi ya dabo. Hasa kadi ya dabo na fomu ya hospitali, kwa sababu hayo ndiyo atakayoyasikia kwa wengine yakiwa yameongezwa chumvi. Mwambie: yule ninayemwita binamu si ndugu yangu, ni mwanaume niliyesoma naye, tunagawana nyumba, hatujawahi kuwa na uhusiano, na mtaani wanadhani tumeoana kwa sababu ndivyo tulivyoandikwa. Nilikuficha kwa sababu niliogopa. Kisha nyamaza. Usimzidishie maelezo, usilie ili akuhurumie, na usianze kumsifu mwenzako kwamba ni mtu mwema kiasi gani, si siku yake. Mwache aulize. Atauliza jambo la kumuumiza mtu, pengine atauliza mara tatu kama kweli hamjawahi, nawe umjibu mara tatu kwa sauti ile ile.

Ana haki ya kukasirika kwa kudanganywa. Ana haki ya kuomba washenga wasubiri. Akisema barua iende Pasaka, kubali, na uwaeleze wenu kwamba imesogezwa. Lakini hana haki ya kukuita malaya kwa sababu ulikodi nyumba na mwanaume, na akikuita hivyo baada ya kusikia kila kitu, utakuwa umejua jambo muhimu kabla baba yako hajapokea pombe ya mtu. Akitulia, mkaribishe Moshono. Aione nyumba, vyumba viwili, funguo mbili, akutane na mwenzako kwa jina lake halisi. Wanaume wengi hukasirishwa zaidi na nyumba wasiyoijua kuliko ile waliyoiona.

Nina swali juu ya huyo mwenzako, na nalileta kwa upole. Umeandika kwamba ulipomweleza habari ya posa alinyamaza kidogo. Umeliandika neno hilo wewe mwenyewe, kwa hiyo liligusa mahali. Pengine alikuwa anawaza laki tisa zako atakazopaswa kuzibeba yeye. Pengine alikuwa anawaza jambo jingine. Mtu anayerudi porini akakuta chakula kimefunikwa na nguo zake zimefuliwa, safari baada ya safari, akiitwa mume mlangoni na dukani, anaweza kuanza kuishi ndani ya jina hilo bila kukusudia, hata kama mkono wake haujanyooka kwako. Sisemi ndivyo ilivyo. Nasema muulize, mara moja, kwa uwazi, mchana, mkiwa mmekaa sebuleni: kaka, mimi naolewa, kuna jambo moyoni mwako ninalopaswa kulijua? Akisema hapana, mwamini na usirudie. Akisema ndiyo, mshukuru kwa ukweli wake, na kuhama kwako kusisubiri Februari.

Na hata akisema hapana, nguo aanze kufua mwenyewe, au amlipe dada wa kufua, wapo tele Moshono. Chakula mnaweza kuchanga na kupika kwa zamu akiwepo. Sikukatazi kumwekea mtu aliyechoka sahani ya ugali. Ila kufua nguo za mwanaume, na kuzianika pamoja na zako kwenye kamba moja uani, ndiko kunakowapa majirani uhakika ambao hata mkataba usingewapa. Kuna kinadada wengi wanaokaa na wanaume kama wapangaji wenza, na nimeona kwamba kazi za nyumbani huwaangukia wao bila mtu kuamua. Ninyi mlikubaliana kugawana kodi. Ufuaji hakuna aliyekubaliana.

Kwa mama mwenye nyumba nendeni wote wawili, mwenzako akirudi tu kutoka porini. Msimpe mchumba nafasi ya kuwa wa kwanza kumweleza, wala shangazi wa Kijenge. Nendeni mchana, mkae, mumwamkie, mumwambie kwamba tulipoingia tulijiita mume na mke, sivyo, tunaomba radhi, na tunaomba mkataba uandikwe upya wenye majina mawili ya wapangaji wawili. Msimtaje dalali. Alisema neno lake, mkaweka saini zenu. Kama mnaogopa, mwombeni mwenyekiti wa jumuiya awasindikize. Yule tayari amekuuliza parokia ya ndoa yenu na jibu lako hakulimeza, nadhani atafurahi kuusikia ukweli kuliko unavyofikiri. Mama anaweza kukasirika akawaambia muondoke. Anaweza kusikitika tu, kwamba aliwaalika kwenye harusi ya mjukuu wake kama wanandoa. Sikitiko hilo mlipokee, ni lake kwa haki. Akikubali kuandika upya, mwenyekiti wa mtaa ashuhudie na kila mmoja abaki na nakala.

Karatasi hiyo utaihitaji kuliko unavyodhani. Ndoa yako ikitangazwa kanisani Jumapili tatu, na notisi ya siku 21 ambayo Sheria ya Ndoa inaitaka ikitolewa, mtu yeyote mwenye sababu anaweza kuweka pingamizi. Wa kwanza kusimama anaweza kuwa jirani yako anayekupenda, anayeamini kwa dhati kwamba anamwokoa mume wako. Mkataba wenye majina mawili, na mama mwenye nyumba anayejua ukweli, vinalimaliza jambo hilo kabla halijafika kwa padri. Kama wasiwasi wa kisheria bado unakusumbua, ulizia kwenye ofisi ya kata yenu wasaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua na huduma yao ni bure kwa asiye na uwezo wa wakili.

Vitu navyo msivisahau. Hukuniambia friji ni la nani, makochi ni ya nani, televisheni ililipiwa na nani. Watu waliokaa pamoja karibu miaka miwili huwa wamechanga zaidi ya wanavyokumbuka. Kaeni siku moja, mwandike kwenye karatasi moja hiki changu, hiki chako, na kile tulichochanga nani atamlipa mwenzake kiasi gani. Fanyeni sasa mkiwa mnacheka.

Swali la kuhama. Mimi nisingehama Novemba. Umelipa kodi yako kwa jasho, na kukimbia kunafanana na hatia usiyo nayo. Ila Machi nisingelipa tena. Ukishaposwa, mahali unapolala panamhusu na mwenzako wa kesho, hata kama kisheria bado hana kauli, na hilo ni heshima unayompa kwa hiari. Na mwisho wa Februari ndipo mkataba wenu unapokwisha na miaka miwili ya kifungu cha 160 inapotimia, yote mawili siku zile zile. Toka kabla ya siku hizo, mlango mkuu, mchana, mama mwenye nyumba akikuona. Mpe mwenzako taarifa leo, asije akajua mwezi wa pili. Msaidie kutafuta mpangaji mwenza mwingine, wa kiume au wa kike, mradi safari hii aingie kwa jina lake. Nawe tafuta nyumba ya wasichana wawili au watatu huko huko Moshono au Njiro, fensi usiiache, ulichokikimbia Ngarenaro bado kipo.

Amebaki mama yako. Yeye anafikiri unakaa na nani? Hukuniandikia, na nahisi naye ana binamu wake. Akina mama wa Marangu wakijiandaa kupokea washenga wanaulizwa maswali mengi na majirani, na yeye ndiye atakayesimama kukujibia. Ukimaliza na mchumba wako Jumamosi, panda gari ya Marangu siku hiyo hiyo, ulale nyumbani, umwambie kabla ya misa ya asubuhi. Baba mwachie mama amweleze.